Sikukuu ya Mtungi Kupumzika

Kwako Zaina, mtoto uliyenifanya niitwe mama,

Nakuandikia na hata hujaondoka. Umekwenda Mlola kumuaga bibi yako, utarudi jioni, nami nimekaa hapa mlangoni na kalamu ya mdogo wako Rashidi kama mtu asiye na kazi. Maharage yako jikoni, nadhani yanaungua. Yaungue. Mwanangu, nimepigwa na butwaa tangu mchana, na nikiyaacha haya mpaka kesho basi la Mombo litakuchukua na mimi nitabaki nayo kifuani.

Utaniuliza kwa nini nisingoje nikuambie kwa mdomo. Kwa mdomo nimeshindwa. Tangu ule mkutano unaniamkia shikamoo halafu unageuka, marahaba yangu naupa mgongo wako. Karatasi utaisoma tu, hata ukiwa na hasira, hata kama ni huko chini ukishapita Mombo, joto limekushika na basi limesimama. Mwandiko unisamehe. Unajua nilikoupata, kwenye darasa la watu wazima, dawati moja na Mama Kaniki ambaye mwalimu akigeukia ubao yeye analala.

Sitakuandikia habari za uji wala za kuamka mapema. Hayo unayajua kunishinda. Sweta nimelitia chini kabisa ya sanduku, najua Tanga kuna joto, nimelitia tu. Basi, nimemaliza.

Mkutano ule, Zaina, mimi nauona kila nikifumba macho. Yule bwana maendeleo amesimama mbele ya ofisi ya chama, shati jeupe, anasema kila nyumba itaje jambo moja jipya inalofanya. Watu wakataja. Huyu matuta, huyu kuku wa kisasa. Balozi wetu wa nyumba kumi akataja choo chake, nasi wote tunajua kile choo bado ni shimo na mbuzi wake alishatumbukia. Ikafika zamu yetu. Baba yako anakohoa, anajiandaa aseme habari ya miche ya plamu. Mara wewe huyo, umesimama.

"Sisi nyumbani kwetu tuna sikukuu zetu wenyewe."

"Sikukuu gani hizo, binti?" bwana maendeleo akauliza.

"Nyingi. Kubwa ni Sikukuu ya Mtungi Kupumzika. Siku hiyo mama hagusi maji. Baba ndiye anayechota."

Lahaula! Unakumbuka kile kicheko? Mimi sikuwahi kusikia wanaume wa hapa wakicheka namna ile, hata harusini. Mmoja akapaza sauti, "Baba Zaina, ngata ya kuwekea mtungi kichwani unasokota mwenyewe au unasokotewa?" Mwingine, "Na kanga je, unajifunga kiunoni au kifuani?" Baba yako anatazama viatu vyake. Na yule mgeni wala hacheki, anapiga makofi, anasema hilo ndilo jambo jipya alilokuwa anatafuta mlima mzima, halafu ananigeukia mimi. Mimi! "Mama wa nyumba, ni kweli?"

Nami nikasema, "Mtoto anatania, bwana. Ana utani huyu tangu mdogo."

Nilikuona ulivyonitazama. Ungelia ingekuwa afadhali. Ulinitazama kama mtu aliyegonga mlango wa kwao akafunguliwa na mgeni.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hata wewe hujui zilikoanzia. Usiku ule wa Uhuru ulikuwa mgongoni kwangu, hujaanza hata kutambaa. Tulishuka Lushoto mjini na watu wengi, kuna ngoma, kuna taa, wazee wanarukaruka kama watoto. Nilikuwa msichana mshamba sana, Zaina. Nikamvuta baba yako mkono, "Hii ni Idi gani?" Akaniambia, "Si Idi. Ni sikukuu mpya. Imeanza leo." Nilisimama palepale katikati ya watu, mdomo wazi. Imeanza leo? Mimi nilidhani sikukuu zote zilikuwapo tangu dunia iumbwe, zimeshuka na Mungu pamoja na mvua na milima. Kumbe sikukuu inaweza kuanza! Kumbe watu wanaweza kukubaliana kwamba siku fulani haitakuwa kama nyingine, na ikawa kweli! Mshangao ule haujanitoka mpaka leo. Watu walikuwa wanashangilia nchi, nami naishangilia nchi, lakini moyoni nawaza: na nyumba je? Nyumba nayo haiwezi kuwa na ya kwake?

Ndiyo ikaanza ile ya plamu ya kwanza. Plamu moja, ya kwanza kuiva, inakatwa vipande kwa idadi yetu, kila mtu anatafuna huku anatazamwa, na anayekunja uso au kucheka anaosha vyombo. Baba yako hajaosha hata mara moja, ana uso kama jiwe la kusagia. Ikaja ile ya kuku anayetaga kwa mara ya kwanza, kumvisha kuku ushanga na kumwimbia, na yai lenyewe tunalikata kwa uzi asionewe mtu. Ikaja ya kubadilishana majina. Hiyo wewe ndiye uliyeianzisha, meno yako mawili ya mbele yameng'oka. Ukawa mama, mimi nikawa Zaina, ukanigombeza kutwa nzima. "Zaina, umenawa? Zaina, unakimbilia wapi na ukungu huu? Zaina, utaanguka!" Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu usiku nikajiuliza, hivi ndivyo mtoto anavyonisikia? Hofu tupu kutoka asubuhi hadi jioni? Nilishtuka, mwanangu. Nilijaribu kupunguza. Unaona nilivyoshindwa.

Na ile ya mtungi. Nilikuwa kwenye arobaini ya uzazi wa Rashidi, bibi yako ameitwa msibani Bungu, maji yameisha ndani hata ya kumwogesha mtoto hakuna. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka, ule wetu wa kipindi cha baridi, ukisimama mlangoni jiko la nje hulioni. Baba yako akasimama, akatoka, akatazama huku, akatazama kule, kama mwizi. Akarudi ndani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo ngata inasokotwaje?"

Wallahi nilidhani nina homa. Mwanamume wa Kisambaa, kifungua mimba kwa mama na kwa baba, ananiuliza ngata! Nikamwonyesha. Akaikunja ile ya majani makavu ya mgomba, ikatoka kama kiota cha ndege, akajitwika mtungi, akaingia kwenye ukungu anatembea kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Wewe ukamwona anarudi. Ukapiga makofi, ukauliza, "Mama, leo sikukuu gani?"

Nikasema, "Ya mtungi. Leo mtungi wa mama unapumzika."

Basi ikawa. Kila mwaka, ukungu wa kwanza wa kweli, ule wa kuficha jiko, mnaniamsha kwa vishindo, "Mama usiguse maji!" Nakaa kwenye kigoda kama bibi harusi, baba yako anachota, Rashidi anachemsha viazi, wewe unanipaka mafuta miguu. Na sheria ni moja, haisemwi nje.

Hiyo sheria niliitunga mimi. Baba yako hakuniomba. Hapo ndipo nilipokosea, na nimeliona kosa juzi tu, nikiwa nimesimama mbele ya watu. Nilikulea kwa furaha lakini furaha yenyewe nikaiwekea komeo. Nilidhani kitu kizuri watu wakikijua watakiharibu, watakitia midomoni mwao kama muwa na kutema makapi. Kwa hiyo nikangoja ukungu. Wewe hukurithi woga huo, sijui ulipita wapi ukakukosa. Ulisimama juani ukakisema kitu chetu kwa fahari, na mimi, niliyekufundisha kukipenda, nikakuita mtu wa utani. Mbele ya kijiji. Wiki ile ile ambayo kila mtu amejua unakwenda kusomea ualimu.

Siku zilizofuata umeziona. Baba yako akanyamaza. Akitaka chumvi anamwambia Rashidi amwambie mama yake alete chumvi, na mimi niko hapo hapo mkono unagusa kikopo. Gulioni wanaume wanamwita Bwana Ngata. Halafu akatamka lile neno, kwamba hatakwenda Mombo kukusindikiza, aende mjomba. Nilihisi nyumba imeniangukia. Mtoto atoke kwao aende mbali hivyo, baba hajamshika kichwa akamwombea? Nilijua ni hasira yake kwako, kwa kusema. Nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu. Usiku nageuka, asubuhi nainama juu ya moto, naona hapa kuna kitu kimoja tu cha kufanya nami sina ubavu. Nikisema kweli, namvua mume wangu nguo mara ya pili. Nikinyamaza, mwanangu anaondoka mwongo.

Leo mchana nikaenda kisimani. Huyo Mama Kaniki akanisogelea, ananong'ona kama anauza magendo. "Mwenzangu, tuambiane. Hiyo sikukuu huwa lini? Mimi nimeshamwambia mume wangu ni ya serikali, amekubali nusu."

"Nusu vipi?"

"Anasema atachota, ila usiku."

Sikujua nicheke au nilie. Kabla sijamjibu, yule mke mdogo wa jirani yetu wa juu akadakia, wala hana ubaya, anajaza ndoo yake tu. "Si Mama Zaina mwenyewe alisema mtoto anatania? Kumbe Zaina naye mwongo. Na huyo ndiye anakwenda kuwa mwalimu, atafundisha nini sasa?"

Zaina, sikumbuki nilivyoutua mtungi. Nakumbuka nimesimama juu ya jiwe la kufulia, miguu imelowa, na sauti inatoka kwangu kubwa, siijui ni ya nani.

"Mwanangu si mwongo. Mwongo ni mimi. Mume wangu anachota maji kila mwaka tangu arobaini ya Rashidi, na anajitwika kichwani, na ngata anasokota mwenyewe!"

Kisima kizima wakaacha kuchota. Hata maji nadhani yalisimama. Na nani huyo anapita njia ya juu, fimbo mkononi? Balozi! Akashuka taratibu.

"Mama Zaina, unasikia unachosema? Mumeo ana jina hapa."

"Nasikia, balozi."

"Mbona hatujawahi kumwona?"

"Kwa ajili ya ukungu. Anakwenda ukungu ukiwa mzito."

Basi yule mzee akashika kifua. Macho yamemtoka. "Kumbe ndiye yule!" akasema. "Kumbe ndiye! Mwaka juzi nimekutana na mtu hapo kwenye migomba, mrefu, ana mtungi kichwani, nikasema habari za asubuhi mama, hakunijibu, akapotelea kwenye ukungu. Nilirudi nyumbani mbio nikaita watu wanisomee dua! Siku tatu sikutoka nje!"

Wanawake walivyocheka! Mama Kaniki alikaa kabisa kwenye tope. Balozi mwenyewe akaanza kucheka, halafu akakumbuka yeye ni balozi, akaondoka upesi, na mimi nikajua anaelekea wapi. Kwa baba yako, shambani.

Nilipanda kile kilima taratibu. Nikasema moyoni, leo nimeivunja nyumba kwa mdomo wangu. Nikafika nyumbani, nikamkuta baba yako amekaa kwenye kigoda changu, jembe liko miguuni. Rashidi hayupo wa kutumwa. Ikabidi aseme na mimi.

"Umesema kisimani?"

"Nimesema."

"Mbele ya balozi?"

"Mbele ya balozi."

Akalisogeza jembe kwa mguu. Nikasimama kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Mbona umechelewa?"

Nikadhani sikusikia. "Nini?"

"Nasema mbona umechelewa. Nakungoja tangu mkutano."

Mwanangu, mimi nimeishi na mtu huyu tangu kabla ya Uhuru. Nilimtazama kama namwona leo. Akaendelea, anaongea huku anatazama jembe, unamjua, "Kuchekwa na wanaume si neno. Hata mimi ningemcheka mwingine. Lakini wewe uliyeyanywa yale maji, ukasimama ukasema sikuchota. Miaka yote ile umeimwaga kwa neno moja."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Hasira yote ile, ule ukimya, chumvi, Mombo, kumbe ni yangu mimi! Kumbe wala hakukukasirikia wewe hata chembe! Nikamuuliza, na Mombo je, mbona ulikataa kwenda na mtoto? Akajibu, "Ningemwambia nini njiani? Ameitwa mwongo, na mimi ninayejua ukweli nilikuwa nimekaa pale natazama viatu. Nimeona haya."

Kumbe kila mtu ndani ya nyumba hii alikuwa na haya zake, amejifungia nazo, na kila mmoja anadhani za mwenzake ni hasira. Sijapona mshtuko huo. Hata sasa naandika naona aya hii haifanani na mambo ya kwetu.

Nisamehe, Zaina. Sitaki kulizungusha neno hili. Nisamehe kwa kukukana. Ukinisamehe leo, sawa, ukinisamehe ukiwa na watoto wako, nitangoja.

Huko uendako siku zote zitakuwa zimepangwa na kengele. Ya kula, ya kulala, ya kulima shamba la chuo. Utaona siku zinafuatana zimevaa sare, huijui hii na ile. Kuna siku utaamka umepoteza hamu, nimekuwa hivyo, najua. Siku ya namna hiyo usingoje ya serikali wala ya dini, hizo zina wakati wake. Itafutie siku jina. Siku ya kiatu kilichotoboka. Siku ya wote kusalimiana kwa wimbo mpaka saa ya chakula. Haihitaji nguo mpya wala pilau. Inataka jina, sheria moja ndogo, na mtu mmoja aliye tayari kuchekwa. Huyo wa kuchekwa mara nyingi uwe wewe, ndivyo wenzako watakavyopata ujasiri. Na ukiona mtu mwenye cheo anakataa kabisa kuchekwa, muonee huruma, usimfanyie utani mkali, huenda nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kumvisha kuku ushanga.

Ila usiifiche. Hilo ndilo nimelijua nikiwa nimezeeka, juu ya jiwe la kufulia. Nilidhani natunza kitu. Kumbe nilikuwa nakinyima jua, na baba yako anatembea peke yake gizani mwa ukungu hata salamu hawezi kuitikia.

Maharage yameungua, nasikia harufu. Tutakula viazi.

Baba yako ameoga, amevaa ile kofia yake ya Idi, ametoka na fimbo kukupokea njia ya Mlola. Atakuambia mwenyewe kwamba kesho anakwenda nawe mpaka Mombo, na kama nimjuavyo atakuambia kwa maneno matatu, mengine ndiyo haya. Mshike mkono mkiwa njiani hata akijifanya hataki.

Na huko chuoni wakikuuliza kwenu mnasherehekea nini, waambie. Jina la baba yako ulitaje, ametoa ruhusa. Alipokuwa anatoka aligeuka mlangoni akasema, "Mwandikie aseme nilikuwa simwagi hata tone." Hilo usiseme, mwanangu. Alikuwa anamwaga. Alikuwa anafika mgongo wote umelowa, mtungi uko nusu, na mimi kusema uongo nimeacha.

Ni mimi mama yako, ninayekungoja mlangoni na marahaba yangu.